Chuo cha Bure, Mifagio, na Swali la Binamu

Samahanini wasomaji wangu kwa ukimya wa wiki mbili. Wanaonifahamu wanajua nikinyamaza hapa basi mhariri kanipeleka mkoani kufuatilia bei ya korosho au ziara ya waziri. Safari hii haikuwa mhariri. Ilikuwa mjomba.

Alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. "Mjomba, wewe si ndiyo mwandishi wa habari wa ukoo huu? Hebu nichunguzie hawa watu." Mwanawe wa mwisho, ambaye amemaliza kidato cha sita, amegundua chuo kimoja cha Marekani kisichotoza ada. Hata senti moja. Na mjomba ana sababu ya kuogopa. Miaka kadhaa iliyopita aliingizwa mjini na wakala mmoja wa masomo ya nje, pesa ikayeyuka na kaka yake binti huyu hakuvuka hata Namanga. Kwa hiyo akaniambia, "Rahisi ni ghali, sasa bure itakuwaje?"

Nikamwahidi nitachunguza. Jioni yake binamu mwenyewe akaniandikia. Swali lake halikuhusu pesa kabisa. "Kaka, nimeona hicho chuo kiko kusini kule kwenye utumwa. Nijibu kweli, mtu mweusi anakaribishwa au anavumiliwa?"

Swali la mjomba lilinichukua nusu saa. Chuo kipo, kinaitwa Berea College, kiko katika mji mdogo wa Berea, jimbo la Kentucky, na hakijamtoza mwanafunzi ada tangu mwaka 1892. Swali la binamu limenichukua wiki mbili na bado sijalimaliza. Yafuatayo ndiyo niliyomjibu, nimeyapanga kidogo tu ili na nyinyi mpate kusoma.

Kwanza niseme hiki ni chuo cha aina gani, maana sisi tuliopita vyuo vikuu vya hapa tumezoea kitu kingine. Mimi niliingia mwaka wa kwanza nikaambiwa kitivo changu, kozi zangu na kiti changu. Marekani wana utamaduni wa vyuo vidogo vinavyojishughulisha zaidi na shahada ya kwanza, ambako mwanafunzi wa kemia analazimika kusoma historia na dini, na wa muziki anagusa hesabu, kabla hajachagua fani yake. Darasa lina watu ishirini, na profesa anakujua kwa jina. Vingi kati ya vyuo hivyo ni vya watoto wa wenye nazo, na ada ya mwaka mmoja inatosha kujenga nyumba Kibaha. Berea ina wanafunzi kama 1,500 tu, na masharti yake yamepinduliwa: ukitoka familia yenye uwezo, hawakupokei.

Haya, turudi nyuma.

Mwaka 1816, katika kaunti ya Bracken, Kentucky, alizaliwa John Gregg Fee. Baba yake alikuwa mmiliki wa watumwa. Kijana akapelekwa kusoma uchungaji Cincinnati, ng'ambo ya mto Ohio, katika chuo cha Lane, na huko wanafunzi wenzake wakambana kwa hoja hadi akakubali kwamba utumwa ni dhambi. Alirudi nyumbani kuwaambia wazazi. Mnaweza kukisia ilivyokuwa. Baba alimnyima urithi.

Kuna kisa kimoja cha familia hiyo ambacho sikukipata kwenye kurasa za kwanza za matangazo ya chuo, nacho kilinikosesha usingizi. Fee alimnunua mwanamke aitwaye Juliet Miles kutoka kwa baba yake mwenyewe ili amwachie huru. Akawa huru, lakini watoto wake walibaki mali ya mzee. Mwaka 1858 Juliet alijaribu kuwavusha watoto na wajukuu zake mto Ohio kwenda upande wa uhuru. Akakamatwa, akafungwa kwa kosa la kuwaiba watoto wake, na alifia gerezani. Nilimsimulia binamu hili kabla ya jingine lolote. Chuo kilianza katika nchi ambayo mama kumchukua mwanawe ulikuwa wizi.

Fee hakuwa na pesa wala ardhi. Aliyempa ardhi ni Cassius Marcellus Clay. Ndiyo, jina hilo hilo. Bondia tuliyemjua kama Muhammad Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1942, akapewa jina la baba yake, na baba yake alikuwa amepewa jina la huyu Clay, mzungu aliyepinga utumwa. Ali alilikataa mwaka 1964 akisema ni jina la kitumwa. (Wazee wa Dar watakumbuka Ali alipokuja mwaka 1980, ametumwa na Rais Carter kuomba tususie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu alikataa kuonana naye. Nimetoka nje ya mada, najua.)

Clay alikuwa mtoto wa tajiri aliyewaachia watumwa wake, na kwa mtu wa kazi yangu ana mvuto wa pekee. Mwaka 1845 alianzisha gazeti mjini Lexington la kupinga utumwa, na kwa kuwa aliwajua majirani zake, aliweka mizinga miwili ndani ya ofisi. Mizinga, ndugu zangu, siyo walinzi. Haikumsaidia. Alipokuwa kitandani anaumwa, kundi la watu wa mjini lilikuja, likafungua mitambo yake ya uchapaji na kuisafirisha hadi Cincinnati. Nikilalamika tena kuhusu mhariri wangu, nikumbusheni habari hii.

Kwenye ardhi aliyotoa Clay, Fee alianzisha kanisa, kisha mwaka 1855 shule ya chumba kimoja. Jina la Berea alilitoa katika Matendo ya Mitume, kwa wale watu wa Beroya waliosifiwa kwa kuchunguza wenyewe kila walichoambiwa. Na kutoka sura hiyo hiyo ya 17 likatoka neno ambalo mpaka leo ndilo kauli mbiu ya chuo: kwamba Mungu aliumba mataifa yote kwa damu moja. Lengo liliandikwa wazi: shule ya wazungu na weusi, wanaume na wanawake, pamoja. Katika jimbo la watumwa! Na kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na pesa, tangu katiba ya mwaka 1859 iliwekwa nafasi ya mwanafunzi kujilipia kwa kazi ya mikono.

Clay na Fee hawakudumu marafiki. Clay alitaka utumwa ufe taratibu kwa njia ya sheria, Fee alisema sheria ya kuruhusu utumwa si sheria mbele ya Mungu. Waligombana hadharani mwaka 1856 kwenye sherehe za Julai 4, na tangu hapo Fee akabaki bila mtu mwenye bunduki wa kumkinga.

Oktoba 1859 John Brown alishambulia ghala la silaha la Harpers Ferry akitaka kuwasha uasi wa watumwa. Kusini yote ikaingiwa hofu. Wakati huo Fee alikuwa mashariki akichangisha pesa, na katika kanisa moja kubwa la Brooklyn alisema wanahitajika akina John Brown zaidi, si kwa namna ya kupigana kwake bali kwa moyo wake wa kujitoa. Magazeti ya Kentucky yalichapa nusu ya kwanza ya sentensi. Ile nusu ya pili ikaachwa. Desemba 23, wanaume kama 60 wenye silaha walifika Berea kwa farasi, wakawapa walimu na familia zao siku kumi za kuhama jimbo. Walimwendea gavana kuomba ulinzi, hakutoa. Wakaondoka katikati ya baridi.

Nimewahi kukata sentensi ya mtu ili habari iingie kwenye nafasi iliyobaki. Nadhani kila mwandishi amewahi. Siku niliposoma hiyo nilifungua habari zangu za zamani nikaanza kuzipitia, kazi isiyofurahisha hata kidogo.

Vita ikaja. Fee alirudi Kentucky na kwenda kambi ya Camp Nelson, ambako maelfu ya watumwa walikuwa wakijiandikisha katika jeshi la Kaskazini ili wapate uhuru. Wake na watoto wao waliwafuata, na jeshi halikuwa na mpango nao. Novemba 1864, kwenye baridi kali, kamanda aliamuru wake na watoto kama 400 watolewe na vibanda vyao vibomolewe. Watu 102 walikufa. Fee alikuwa mmoja wa waliowafundisha na kuwatafutia mahali, na baada ya vita aliwaambia askari wale na familia zao: njooni Berea, nina shule, na nitawatafutia viwanja.

Alitimiza. Alinunua ardhi akaigawa vipande, na kwa makusudi akauza kwa kuchanganya, mweusi hapa, mzungu pale, ili pasiwe na mtaa wa hawa na mtaa wa wale. Shule ilipofunguliwa tena mwaka 1866, siku walipoingia wanafunzi weusi wa kwanza, sehemu ya wazungu walisusa wakatoka. Fee hakuwafuata. Baadhi yao walirudi wenyewe. Katika mwaka wa masomo wa 1866 hadi 1867 walikuwepo wanafunzi 187, weusi 96 na wazungu 91.

Hebu zitazameni namba hizo tena. Kentucky, mwaka mmoja baada ya vita, weusi 96 na wazungu 91 katika madarasa yale yale. Hali hiyo ya karibu nusu kwa nusu iliendelea kwa zaidi ya miaka 20. Mwanamke mweusi, Julia Britton, alifundisha piano hapo miaka ya 1870, akiwafundisha na wazungu. Mwaka 1872 bodi ya wadhamini iliulizwa kuhusu wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, na ikaamua kutokataza. Mimi sijui kama kulikuwa na mahali pengine Kusini ambapo swali hilo lingefika mezani, achilia mbali kupata jibu hilo.

Kama historia ingeishia hapo ningemjibu binamu kwa neno moja: nenda. Ila haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nichelewe.

Simulizi ya kawaida inasema hivi: Berea ilikuwa ya damu moja, wabaguzi wakatunga sheria mwaka 1904, weusi wakatolewa kwa nguvu, mwaka 1950 sheria ikalegezwa, wakarudi. Yote ni kweli. Lakini inaruka miaka 12 kabla ya sheria.

Mwaka 1892 alikuja mkuu mpya wa chuo, William Goodell Frost, aliyekuwa akifundisha Kigiriki katika chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio. Alikuta chuo hakina pesa. Frost alikuwa na kipaji cha kuchangisha, na aligundua jambo ambalo kila mchangishaji hatimaye hulifahamu: mtoaji ana hadithi anayoipenda. Matajiri wa Kaskazini walikuwa wamechoka kusikia habari za watu weusi. Vita vimekwisha, watumwa wako huru, basi yaishe. Lakini wazungu maskini wa milima ya Appalachia, hao walikuwa hadithi mpya! Wanaishi kwenye vibanda vya magogo, wanasokota nyuzi kwa mikono, damu yao ya Uingereza haijachanganyika. Mwaka 1899 Frost aliandika makala katika jarida la The Atlantic akiwaita watu hao mababu zetu tunaoishi nao wakati mmoja. Pesa zikaanza kuja.

Na wanafunzi wazungu wakaja pia, kwa mamia, kutoka milimani. Weusi hawakufukuzwa, ila hakuna aliyekwenda kuwatafuta kama walivyotafutwa wale wa milimani. Wakawa sehemu ndogo, chini ya robo, ilipofika mwaka 1904. Uchumba wa rangi mbili ulioruhusiwa mwaka 1872 ukapigwa marufuku. Mhitimu mweusi aliyekuwa akifundisha hapo hapo, James Hathaway, aliomba apandishwe kuwa profesa, Frost akakataa, naye akaondoka. Mzee Fee, sasa nywele nyeupe, alipinga kwa maandishi kwamba chuo kinaacha njia. Alifariki mwaka 1901. Walimheshimu sana kwenye mazishi.

Na hapa ndipo inaponiuma: ni Frost huyo huyo, mwaka huo huo wa 1892 alipoingia, ndiyo ada ikafutwa. Sifa ya chuo ya leo, ile iliyomfikia binamu yangu kwenye simu yake, imetoka katika mikono ile ile iliyowasukuma watu weusi pembeni.

Kisha ikaja sheria. Januari 1904 mbunge wa jimbo aitwaye Carl Day alipeleka muswada wa kukataza shule yoyote kufundisha weusi na wazungu pamoja. Kentucky nzima chuo cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo hakuna aliyejidanganya kwamba sheria ni ya watu wote. Faini ya chuo dola 1,000, kisha 100 kwa kila siku. Mwanafunzi mwenyewe dola 50 kwa siku anayokaa darasani. Kama chuo kinataka tawi la rangi nyingine, liwe mbali, si chini ya maili 25, yaani kilomita 40 hivi. Sheria ikapita kirahisi.

Carter G. Woodson aliponea chupuchupu. Alizaliwa mwaka 1875 Virginia, wazazi wake walikuwa watumwa, yeye alichimba makaa ya mawe West Virginia kabla ya kupata shule. Alimaliza Berea mwaka 1903, mwaka mmoja kabla ya sheria. Baadaye akapata shahada ya uzamivu Harvard mwaka 1912, na mwaka 1926 akaanzisha juma la historia ya watu weusi, ambalo sasa ni mwezi mzima wa Februari. Mtu aliyeifundisha Marekani kukumbuka alitoka katika darasa ambalo mwaka uliofuata lingekuwa kosa la jinai.

Nimtendee haki Frost. Alipigana. Chuo kilikataa hukumu, kikaenda mahakama ya rufaa ya Kentucky, kikashindwa, kikaenda mpaka Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani. Novemba 1908 kilishindwa tena, majaji saba kwa wawili. Hoja ya walio wengi ilikuwa ya kiujanja: chuo ni shirika lililosajiliwa na jimbo, na jimbo linaweza kubadilisha masharti ya usajili wake. Swali la damu moja halikuguswa. Mmoja wa wale wawili waliopinga alikuwa Jaji John Marshall Harlan, mwana wa Kentucky, familia yake ilimiliki watumwa, na ndiye aliyepinga peke yake mwaka 1896 mahakama hiyo ilipohalalisha ubaguzi kwenye mabehewa ya treni. Kama hamjamsoma, msomeni. Jaji wa pili aliitwa Day, jina sawa na yule mbunge. Historia ina utani wake.

Tangu sheria ilipoanza kutumika, chuo kiliwalipia wanafunzi weusi nauli na gharama za kwenda vyuo vingine vya weusi. Baada ya kushindwa kesi, Frost na wenzake walichangisha pesa za kujenga shule mpya kwa ajili yao, Andrew Carnegie akaahidi dola 200,000 kwa sharti kwamba nyingine zipatikane. Ikafunguliwa mwaka 1912 karibu na Louisville, ikaitwa Lincoln Institute. Lakini haikuwa chuo, ilikuwa shule ya sekondari na ufundi. Berea wakabaki na Kigiriki na falsafa, weusi wakapewa useremala na upishi. Hata hivyo watu hufanya makubwa na kidogo wanachopewa. Mwaka 1921 katika eneo la shule hiyo alizaliwa Whitney Young, mtoto wa mwalimu wa hapo, ambaye mwaka 1961 alikuja kuongoza National Urban League na kuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa haki za weusi Marekani. Alikufa maji Lagos, Nigeria, mwaka 1971.

Sasa hesabu pesa, maana mjomba atauliza tu. Chuo kisichotoza ada kinaishije? Jibu ni uamuzi mmoja wa bodi wa mwaka 1920. Waliamua kwamba kila urithi ambao mtu ameuachia chuo bila kutaja matumizi, usiliwe. Uwekwe kwenye mfuko wa kudumu, itumike faida tu. Mwaka baada ya mwaka, vikongwe waliokufa wakaacha nyumba zao, hisa zao, vijisenti vyao. Leo mfuko umepita dola bilioni moja, na sehemu kubwa ya gharama za chuo hutoka humo. Mwaka 2017 bunge la Marekani lilipotoza kodi vyuo vyenye mifuko minono, karibu wakikumbe na Berea. Iliwabidi wabunge warekebishe maneno mwaka 2018 ili kodi ihesabu wanafunzi wanaolipa ada, na Berea haina hao.

Lakini tazama tarehe. Mwaka 1920 mweusi haruhusiwi kuingia. Kwa miaka 30 ya mwanzo mfuko ulijazwa na watu waliokuwa wakisomesha wazungu wa milimani, kwa hadithi ya Frost. Milango ilifunguliwa mwaka 1950, na mhitimu wa kwanza mweusi baada ya hapo akapatikana mwaka 1954. Kutoka 1904 hadi 1950 ni miaka 46, na hakuna anayeweza kuwarudishia ambao wangesoma humo. Binamu akienda, atasomeshwa na faida ya pesa zilizowekwa wakati ambapo yeye angetozwa dola 50 kwa siku kwa kukaa darasani. Nilimwandikia hivyo hivyo. Hakunijibu siku mbili.

Upande wa pili upo pia. Baadaye wanafunzi wa Berea walikwenda Alabama mwaka 1965 kuandamana na Martin Luther King. John Fenn, aliyemaliza hapo mwaka 1937, alipata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002. Juanita Kreps, binti wa milimani huko Kentucky, alimaliza mwaka 1942 na kuwa waziri wa biashara wa Carter, mwanamke wa kwanza katika wizara hiyo. Na wale wazungu wa milimani hawakuwa hadithi tu ya kuchangishia. Walikuwa maskini kweli, watoto wa wachimba makaa waliokohoa vumbi jeusi, na chuo kiliwatoa. Sitaki kumwonea mtu wivu wa elimu. Jarida la Washington Monthly, ambalo hupanga vyuo kwa manufaa yake kwa nchi badala ya fahari, limekiweka cha kwanza zaidi ya mara moja.

Na mwaka 2004 bell hooks, mwandishi mweusi mzaliwa wa Kentucky, aliyeandika jina lake kwa herufi ndogo kwa makusudi, aliacha miji mikubwa akaenda kufundisha Berea. Angeweza kufundisha popote. Alikaa katika mji ule mdogo mpaka alipofariki Desemba 2021. Hilo nalihesabu kama ushahidi, maana hakuwa mtu wa kuvumilia kuvumiliwa.

Limebaki suala la kazi. Kila mwanafunzi wa Berea anafanya kazi, si chini ya saa 10 kwa wiki. Hakuna wa kusamehewa. Anafagia, anapika, anahudumu katika hoteli ya chuo ya Boone Tavern iliyojengwa mwaka 1909, anafuma, anasaidia maabara, anatengeneza mifagio ambayo chuo kinaiuza. Analipwa kidogo, na kazi inapewa alama. Ukihitimu unapata taarifa mbili za matokeo, ya masomo na ya kazi. Sisi tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, na kwenye karatasi mawazo hayapishani sana. Ila shuleni kwangu jembe lilikuwa adhabu ya waliochelewa, na mahindi hatukujua yalikwenda wapi.

Jumapili nilikwenda kwa mjomba nikamweleza yote, kuanzia Juliet Miles hadi mfuko wa mwaka 1920. Alisikiliza kwa makini, hakunikatiza. Nilipofika kwenye mifagio akanyanyua mkono.

"Ngoja. Mtoto wangu aende Marekani kutengeneza ufagio?"

"Kwa saa kumi tu kwa wiki, mjomba."

"Hapa nyumbani anashika ufagio saa ngapi?"

Binamu alikuwa mlangoni, anacheka. Alikuwa ameshasoma ujumbe wangu wote, na kwenye daftari alikuwa ameandika maswali yake mwenyewe ya kuwatumia chuo. La kwanza lilikuwa: katika walimu wenu wa leo, weusi ni wangapi? Wachache sana wa kutoka nje hupokelewa kila mwaka, na hajui kama atakuwa mmojawapo, lakini alisema barua inaondoka leo na swali hilo halifuti. Mjomba akaomba kalamu, akaongeza la kwake chini: nauli nani analipa?